Matangazo Matatu ya Mama Nabalayo

Baada ya miaka thelathini na mmoja, mwezi mmoja na siku ishirini na tano, Bi. Immaculate Nabalayo alistaafu rasmi kutoka Ushirika wa Maziwa Kibuyu Kimoja, makao makuu Nakuru, siku ya Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi na moja jioni. Nasema rasmi kwa sababu Jumatatu iliyofuata alikuwa ofisini. Jumanne pia alikuwepo. Jumatano na Alhamisi, vilevile. Jinsi mstaafu alivyokuja kazini siku nne mfululizo bila malipo ni kisa kirefu, na kamati ya sherehe imeniomba mimi, Kipyegon wa Idara ya Mitambo, nikiandike. Nilijaribu kukataa. Nikaambiwa kwamba kwa kuwa sehemu kubwa ya kisa ni makosa yangu, hakuna anayekijua vizuri zaidi.

Mama Nabalayo alizaliwa kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa hapa Nakuru, ambako baba yake, mzaliwa wa Bungoma, alikuwa fundi wa breki za mabehewa. Aliajiriwa tarehe 3 Oktoba 1994 kama karani wa taipureta. Wazee wa ushirika wanasema meneja wa wakati huo alikuwa hajamaliza kukohoa baada ya kumsomea barua, na barua iko mezani inangoja sahihi. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa mwaka 1999, kila mtu aliipita kwa mbali kana kwamba ingeuma. Yeye aliifuta vumbi, akaifumia kitambaa cha uzi mweupe chenye maua pembeni, kama kile cha kufunika televisheni sebuleni, akaketi mbele yake. Hakuondoka hapo mpaka mwezi jana.

Kitambaa hicho kilitaka kutuletea balaa. Kompyuta ilikuwa ikizimika kila alasiri, mafundi wakaja kutoka mjini mara tatu, wakabadilisha hiki na kile, wapi! Wa nne ndiye aliyegundua kwamba mashine ilikuwa inakosa pumzi chini ya kitambaa. Mama Nabalayo hakukiondoa. Alichukua mkasi, akakata matundu mahali panapotoka joto, akayashona pindo vizuri. Kompyuta zimebadilishwa mara tano tangu wakati huo na kila moja imeshonewa chake. Mgeni akiingia chumba cha mitambo hudhani amekaribishwa nyumbani kwa mtu.

Kwa wale wa idara nyingine ambao husema sisi tunakaa tu tukitazama taa zikimetameta, niwaeleze kazi yenyewe. Kompyuta kuu ya Nakuru huchunga vituo vyetu vya kupoza maziwa: Sachangwan, Mau Narok, Olenguruone na vinginevyo. Ndani yake kuna faili moja ya mipangilio, na kila mstari wa faili hiyo huiambia kompyuta iende ikaendeshe skripti fulani. Skripti ni maagizo mafupi yaliyoandikwa na mtu: pima joto la tangi, mtumie mkulima ujumbe wa kilo zake, osha mabomba. Kompyuta haiulizi maswali. Mstari ukisema endesha, inaendesha, hata kama aliyeuandika alikuwa na usingizi, au haraka, au kichwa kikubwa.

Mwaka 2017 aliyeuandika alikuwa na vyote vitatu. Nilikuwa nimeajiriwa mwaka uliotangulia na nilijiona moto wa kuotea mbali. Niliandika kwenye faili ya mipangilio kwamba kituo cha Olenguruone kiendeshe skripti iitwayo osha. Sikusema osha ipi, wala inakaa folda gani. Hiyo ni sawa na kumtuma mtu soko la Wakulima akamlete Njoroge. Atakuletea Njoroge wa kwanza atakayekutana naye. Osha ya kweli ilikuwa kwenye folda iliyofungwa, na ilikuwa na adabu: kwanza ilihakikisha tangi ni tupu. Lakini kwenye folda ya pamoja, ile ambayo kila mtu hutupa vitu vyake, kulikuwa na osha nyingine, ya majaribio, niliyoiandika mwenyewe na kuisahau. Hiyo haikujua kuuliza. Saa nne asubuhi ilifungua vali zote, na lita elfu mbili mia tatu za maziwa zikaingia mtaroni. Mbwa wa Olenguruone wanaikumbuka siku hiyo mpaka leo. Miongoni mwa maziwa hayo zilikuwamo lita kumi na nne za mama yangu mzazi, Mama Chesang, ambaye hakunikaripia hata kidogo. Alinipa chai ya rangi kwa miezi miwili kila nilipokwenda nyumbani, huku ng'ombe watatu wakiguna nje ya dirisha.

Nilikwenda kwa Mama Nabalayo na barua ya kujiuzulu. Aliisoma, akasahihisha mahali pawili nilipokosea herufi, akanirudishia. Alisema ushirika umekwisha kulipa ada ya masomo yangu, lita elfu mbili mia tatu, na haoni sababu ya kumfukuza mwanafunzi baada ya karo kulipwa. Kisha akasema ameona dawa, na dawa yenyewe iko kanisani.

Mnajua wenzetu wanapotaka kufunga ndoa hutangazwa kanisani Jumapili tatu, na mwenye pingamizi huombwa aseme. Mama Nabalayo, ambaye amekuwa katibu wa parokia yake kwa muda mrefu kuliko mapadri sita waliopita hapo, aliamua kwamba kuanzia siku hiyo hakuna skripti, mpya au ya zamani, itakayofungishwa ndoa na faili yetu ya mipangilio kabla ya kutangazwa asubuhi tatu, wakati wa chai ya saa nne. Mwenye skripti anasimama, anaisoma yote, kwa Kiswahili ambacho Wachuka wa jikoni anakielewa. Anataja inapokaa, anwani kamili, tangu mlangoni hadi kitandani. Anataja nani anaruhusiwa kuigusa. Anataja itaendeshwa kwa akaunti ipi, na ole wako useme ni ya kwako. Ilikuwa lazima iwe ile akaunti ya mitambo isiyo na mwenyewe, yenye ruhusa chache tu za kazi hiyo. Anataja itafanya nini mambo yakienda kombo. Halafu anauliza kama kuna pingamizi. Kukiwa na pingamizi, skripti inarudi nyumbani kurekebishwa, na matangazo yanaanza upya, la kwanza hadi la tatu. Likipita la tatu, inaandikwa kwenye kaunta buku nyeusi, lile daftari nene la ofisi, na kwenye safu ya mwisho, iliyoandikwa Mzazi, linawekwa jina la mtu mmoja wa kupigiwa simu.

Tulicheka sana. Meneja wetu, Bwana Ngigi, alicheka hadi akaomba maji. Basi ilikuja skripti ya kuwatumia wakulima ujumbe. Mwandishi wake alisoma kwa fahari kwamba kompyuta itachukua jina la mkulima kama lilivyoandikwa kituoni na kulibandika moja kwa moja ndani ya agizo. Kihara, dereva wa lori, aliuliza itakuwaje kama karani wa Mau Narok, mtu wa mizaha anayejulikana, ataandika amri mahali pa jina. Mama Nabalayo akasema ndiyo hiyo, mgeni wa harusi analishwa vizuri lakini hapewi kipaza sauti. Skripti ikarudi nyumbani. Tangu siku hiyo hakuna aliyecheka matangazo, na katika miaka minane hatujamwaga hata kikombe.

Nilisema hakuna aliyecheka. Ninaomba kurekebisha: mwezi jana tulicheka mpaka tukalia.

Katikati ya Novemba nilipewa kazi ya kupokea ofisi yake. Niliketi na faili ya mipangilio upande mmoja, kaunta buku upande wa pili, nikiweka alama. Mistari ya faili ilikuwa arobaini na mmoja. Kwenye kitabu zilikuwamo skripti arobaini. Nilihesabu tena. Nikamwita Kihara ahesabu. Arobaini. Kulikuwa na skripti moja humo ndani ambayo haikuwahi kutangazwa, iliyokuwa ikiishi na faili yetu katika ndoa ya njoo-tukae, bila harusi, na jina lake lilikuwa amsha. Nikafuata anwani yake. Ilikuwa inakaa kwenye folda ya binafsi ya Mama Nabalayo.

Nilienda kumwuliza nikiwa nimejaa furaha mbaya, siwezi kuficha. Miaka minane mwanamke huyu alikuwa amenirudisha nyumbani na skripti zangu kwa makosa ya nukta! Lakini nilipomwonyesha, alivua miwani akaiweka mezani, na furaha yangu ikaniishia. Alieleza kwamba amsha aliiandika mwaka 2011, amesimama, ndani ya koti la mvua, siku stima ilipopotea Olenguruone tangu asubuhi. Kazi ya amsha ni kutazama stima. Ikikatika, inaamsha jenereta ya kituo. Siku za kazi msimamizi wa kituo hulala pale pale, lakini Ijumaa jioni huenda kwao, na mpaka Jumatatu asubuhi tangi halina mwangalizi mwingine isipokuwa amsha. Aliiandikia akaunti yake na neno lake la siri kwa sababu siku ile hakuwa na jingine. Ilifanya kazi. Kila mwaka alijiambia atairekebisha, na kila mwaka aliogopa kuigusa isije ikafa mikononi mwake. Halafu alisema wazi kwamba aliona aibu.

Aibu tungeimeza. Tatizo lilikuwa kalenda. Akaunti ya mtu anayeondoka hufungwa saa kumi na moja jioni ya siku yake ya mwisho, bila huruma, na kanuni hiyo aliitunga nani? Yeye mwenyewe. Akaunti yake ikifungwa, amsha inakufa, na wikendi ya kwanza stima ikipotea, lita elfu nne za Olenguruone zinapata joto na kugeuka. Bwana Ngigi akasema basi tuiache akaunti wazi mwezi mmoja, kuna shida gani. Mama Nabalayo akajibu kwamba hatakwenda nyumbani kulima sukuma wiki huku jina lake limebaki Nakuru linaamrisha mitambo. Amsha itahamishwa kwenye akaunti ya mitambo, na itatangazwa kama nyingine zote.

Ilichukua siku kadhaa kuihamisha. Jumanne tarehe 25 alisimama mbele ya chai akasoma tangazo la kwanza. Kanuni inasema hakuna kinachorukwa, kwa hiyo alisoma skripti ya zamani yote, kisha mpya. Alipofika mahali pa neno la siri, alisita. Tukamngojea. Akalisoma. Lilikuwa jina la mapenzi analomwita mumewe, Mzee Odero, tangu uchumba wao. Nimeapa kutoliandika hapa. Nitasema tu kwamba lina herufi kumi na mbili, kwamba Mzee Odero ni mtu wa kilo mia moja na kumi, na kwamba chai ya Kihara ilitokea puani. Siku hiyo hiyo alilibadilisha, na somo la kutoweka neno la siri ndani ya skripti halitahitaji kurudiwa katika ushirika huu kwa kizazi kizima.

Tangazo la pili likapita. Alhamisi, la tatu, Mama Nabalayo alikuwa anafunga karatasi zake Wachuka alipoweka birika chini. Aliuliza, je, hiyo amsha ikibisha hodi kwa jenereta na jenereta isiitike, itabisha mpaka lini?

Nilipitia karatasi. Jibu lilikuwa: milele. Ingesimama mlangoni inabisha, na skripti nyingine zote nyuma yake zingepanga foleni zikingoja zamu, joto la Mau Narok lisipimwe, Sachangwan isipimwe. Kwa miaka kumi na minne jenereta ilikuwa imeitika kila mara na tukaidhani ni akili yetu. Mama Nabalayo akasema pingamizi limekubaliwa. Alasiri hiyo tuliirekebisha pamoja: ibishe mara tatu, ingoje dakika moja kila mara, isipoitikiwa iache mlango na kumpigia simu mtu. Namba ya simu tuliandika ya Mama Nabalayo. Nami kwenye safu ya Mzazi nikatangulia kuandika jina lake, kwa mazoea, hata sikufikiri.

Matangazo yakaanza upya: Ijumaa, Jumamosi, Jumatatu. Lakini akaunti ilifungwa Ijumaa. Kati ya hapo na Jumatatu saa nne, Olenguruone haikuwa na amsha ya zamani wala mpya.

Niseme ukweli, nilishawishika. Ijumaa saa kumi vidole vyangu vilikuwa juu ya kibodi. Mstari mmoja tu, nani angejua? Skripti ilikuwa nzuri, tulikuwa tumeijaribu kutwa kwa tangi la maji. Ndipo nikakumbuka kwamba ile osha nayo niliiona nzuri. Nikazima kompyuta, nikachukua koti, nikaenda Olenguruone kuwa amsha mimi mwenyewe.

Jumamosi Wachuka alisoma tangazo la pili kwa niaba yangu, na naambiwa alilisoma kama waraka wa askofu. Jumapili, saa saba mchana, spika za kanisa zilinyamaza katikati ya wimbo. Stima. Nilikimbia kwenye jenereta. Nikabisha: kimya. Nikangoja dakika. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu, kimya, nami nimelowa jasho. Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni ameshika mkebe mtupu, ananitazama, nami niliiona ile chai ya rangi inarudi. Nikampigia simu mtu. Mama Nabalayo alikuwa kwenye chakula cha kwanza cha ustaafu wake, na wajukuu wakipiga kelele. Aliniuliza kama nimefungua bomba la dizeli. Sikuwa nimelifungua. Nilifungua, jenereta ikanguruma, maziwa ya Olenguruone yakabaki baridi, na mama yangu akasema mbele ya majirani kwamba afadhali mashine.

Jumatatu Mama Nabalayo aliandikishwa langoni kwenye kitabu cha wageni. Sababu ya kuja: chai. Nilisoma tangazo la tatu, nikauliza kama kuna pingamizi, nikiwa nimekwisha kushika kalamu. Mgeni akasimama. Alisema skripti haina kasoro, ila inapiga simu kwa bibi kizee aliyestaafu. Alisema jana chakula chake kilipoa akiwa kwenye simu, na hanung'uniki, lakini mzazi wa skripti lazima awe mtu aliye kazini, na kama Kipyegon anaogopa aseme anaogopa.

Nilisema ninaogopa. Nilisema hivyo mbele ya watu wote. Akasema vizuri, yeye pia aliogopa, miaka kumi na minne, tena peke yake. Mimi nina Wachuka na Kihara na chai. Akanipa kalamu. Nikafuta jina lake, nikaandika langu, nikabadilisha namba ndani ya skripti, na kwa kuwa skripti ilibadilika, matangazo yakaanza upya. Bwana Ngigi alishika kichwa. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, mgeni alikuja, akaandikishwa, akanywa, akasikiliza. Alhamisi hakukuwa na pingamizi. Niliandika mstari wa arobaini na moja mwenyewe, na anwani yake kamili. Mama Nabalayo akarudisha kadi ya wageni langoni, akaenda zake.

Saa tisa alasiri hiyo hiyo stima ikapotea Olenguruone. Msimamizi wa kituo anasema hakuwa amemaliza kuvaa gambuti, jenereta tayari inanguruma. Simu moja tu ililia, yangu, msimamizi akinipa habari hiyo, na nilikuwa nimeishika.

Mama Nabalayo, kwa niaba ya wakulima, madereva, jikoni, na mwanafunzi wako wa lita elfu mbili mia tatu, asante sana. Tumekushonea kitambaa, cha kufunika kitu chochote upendacho, na matundu tumeyakata. Mungu akupe wewe na Mzee Odero, kwa jina lolote utakalomwita, siku nyingi na sukuma wiki ya kutosha. Alhamisi ile tulipiga simu nyumbani kuuliza kama umesikia habari ya stima. Mzee alisema umelala usingizi wa mchana, na simu yako haijalia.